Sentensi Niliyomfundisha Mama

Juzi nilikuwa nikipita kwenye kichochoro kimoja cha Gatwekera, huko Kibera, nikienda kumwona rafiki aliyejifungua, nikasikia sauti za watoto zikitoka nyuma ya ukuta wa mabati. Walikuwa wakiimba somo kwa ule mdundo wa pamoja unaomfanya mtoto asinzie huku mdomo wake ukiendelea na kazi. Milk is. Beans are. Sugar is. Eggs are. Mwalimu alikuwa akigonga ubao kwa kila neno, na mahali fulani karibu hapo mtu alikuwa akikaanga omena, vile visamaki vya ziwani. Nilisimama. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, napumzika tu. Ningemwelezaje mtu nisiyemjua kwamba nimemwona mama yangu ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ndugu yangu Barasa mgongoni, akisema “The water are hot,” na mimi, mtoto wa darasa la tano, nikimkatiza kwa kiburi cha mwalimu mkuu?

Nyinyi wacha niwaeleze.

Tuliishi hapo Gatwekera katika chumba kimoja cha udongo, mimi, mama, na ndugu yangu mdogo Barasa ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Baba alikuwa ameondoka kabla Barasa hajazaliwa, na nyumbani hatukumtaja. Mama alikuwa akifua nguo za watu kwenye nyumba za ghorofa za upande wa Barabara ya Ngong. Kuna siku alipata kazi, na kuna siku alishinda amekaa kwenye ukingo wa barabara na wanawake wengine, wakingoja kuitwa, mpaka jua likageuka. Kisha dada yake, Anti Rose, aliyekuwa akikaa Kawangware, akamletea habari za ofisi moja iliyokuwa ikipeleka wanawake Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Ofisi hiyo ilikuwa na darasa lake hukohuko Kawangware, juu ya bucha. Walifundishwa kupiga pasi, kutandika kitanda cha kona zilizokunjwa, kutumia mashine za kufulia. Na Kiingereza.

Mama hakuogopa pasi wala mashine. Kiingereza ndicho kilichomtoa jasho. Alikuwa amefika darasa la sita huko kwao Bungoma, halafu akaolewa, na Kiingereza alichobaki nacho kilikuwa cha kusalimia na cha kuomba kazi mlangoni. Kila jioni alirudi kutoka Kawangware kwa miguu, akamtoa Barasa kwa jirani, akabandika maji, kisha akaniita.

“Ticha Nekesa, kuja unisomeshe.”

Bahati ilikuwa kwamba shuleni tulikuwa kwenye mada hiyohiyo. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba vitu vya duniani, kwa Kiingereza, vimegawanywa mara mbili: vinavyohesabika na visivyohesabika. Visivyohesabika vinafuatwa na “is” hata vikijaza gunia. Vinavyohesabika, vikizidi kimoja, ni “are.” Mimi nililichukua jambo hilo kama amri ya Mungu. Mama alilichukua kama mzaha.

“Mchele hauhesabiki?” aliuliza. Alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Akaokota punje moja akaiinua mbele ya taa. “Hii ni nini? Si moja? Na hii si ya pili?”

“Mwalimu alisema hakuna mtu huhesabu mchele.”

“Basi huyo mwalimu wenu hajawahi kupikia watu watatu na kikombe kimoja.”

Maji yalimshinda zaidi. Kwa Kibukusu, lugha ya kwao, maji ni mengi, na hata Kiswahili cha vitabuni kinasema maji yamechemka, maziwa yamemwagika, mafuta yamekwisha. Kwa hiyo mama, kila alipofika kwenye maji, alisema “are.” Alitaka kujua hao Wazungu waliyaangalia maji namna gani wakaona ni kitu kimoja. Nilifikiria sana, kisha siku moja nikagundua jambo ambalo hadi leo najivunia. Nilimwambia aache Kiswahili cha vitabuni, aseme tu vile tulivyozoea kusema Kibera: maji imeisha, maziwa imeisha, mafuta imeisha. Mimi niliandikiwa kosa jekundu na mwalimu wa Kiswahili kila nilipoandika hivyo, lakini kwa Kiingereza ilifanya kazi. Palipo na “imeisha,” weka “is.”

Mama alicheka mpaka Barasa naye akacheka bila kujua sababu. Tangu siku hiyo hakukosea maji tena. Alitembea ndani ya chumba akigusa vitu: the water is hot, the milk is hot, the rice is ready, the beans are ready, the clothes are dry. Jirani yetu, Mama Otis, aliyekuwa akiuza omena Kisumu Ndogo, aligonga ukuta na kuuliza kama tuna mgeni kutoka ng'ambo.

Nilikuwa na furaha ya ajabu siku hizo. Mtoto hapewi nafasi mara nyingi ya kumjua mama yake kama mtu anayejifunza, anayekosea na kufunika uso kwa aibu, anayetazama mdomo wako kuona neno linavyotoka. Nilijua alikuwa akijiandaa kusafiri. Nilikuwa nimeambiwa. Lakini safari nilikuwa nikiijua kwa jina tu, na masomo yalikuwa hapo kila jioni, na mimi nilitaka mwanafunzi wangu apite.

Karibu na mwisho wa mafunzo alirudi na sentensi mpya. Ofisi ilikuwa imewaandaa kwa mahojiano. Mwajiri angewaona kwa video kwenye simu na kuwauliza maswali, na majibu yalikuwa lazima yatoke bila kusita. Unaitwa nani. Unaweza kupika nini. Unaogopa mbwa. Mama alikuwa amevua viatu, Barasa amemfunga mgongoni kwa leso, naye Barasa akivuta hereni yake.

“Leo kuna ya watoto,” alisema. “There is no childrens in my house.”

Mimi nilicheka. Nilimweleza, kwa subira ya mtu mkubwa, kwamba ilikuwa na makosa mawili. “Children” tayari ni wengi, haiongezwi s. Na kwa kuwa ni wengi, haichukui “is,” inachukua “are,” hata kama hawapo. Hilo la kutokuwepo lilinishangaza hata mimi, kwamba watoto wasiokuwepo bado ni wengi, lakini ndivyo mwalimu alivyosema. Halafu nikauliza, si kwa wasiwasi, ni udadisi tu wa kawaida, “Lakini mum, si sisi tuko?”

Aliitoa hereni yake mkononi mwa Barasa. “Ni ya mtihani tu,” akasema. “Nyinyi kwa insha si mnaandika mmepanda ndege?”

Jibu hilo lilinitosha. Kiingereza changu chote kilikuwa cha watu na vitu visivyokuwepo. Kitabu chetu kilijaa wakulima wenye kondoo wengi na wavulana waliokuwa na mbwa aitwaye kwa jina la mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba sentensi ya Kiingereza inapaswa kuwa kweli. Ilipaswa kuwa sahihi.

“Sema: There are no children in my house.”

Akasema, akakosea. Nikamrudishia. Akakosea tena, mahali palepale. Tukajaribu ile fupi zaidi, “I have no children.” Nayo akaiongezea s. Mtu aliyekuwa ameshika mchele na maji na nguo zote za dunia alishindwa na watoto. Aliweka “is” mahali pa “are,” akaweka s, akaitoa, akaanza sentensi na kuiacha katikati akisema koo limekauka. Nilianza kukasirika. Nilimwambia mambo magumu alishajua, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Alinigeuzia mgongo ili aangalie jiko, na kwa kuwa alinigeuzia mgongo, uso niliobaki nikiutazama ulikuwa wa Barasa, ukinitabasamia juu ya leso, meno yake machache nje.

Baada ya siku kadhaa aliisema sawasawa. Aliisema haraka, bila kunitazama, akaendelea kukatakata sukuma wiki. Nilimpigia makofi.

Mahojiano yalifanyika Kawangware, nasi tukaenda naye kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Anti Rose alitupitisha mlango wa nyuma, akatukalisha mimi na Barasa kwenye ngazi kando ya bucha, akatukataza kupanda juu. Nilimlisha Barasa mandazi vipande vidogovidogo ili asilie. Mama aliposhuka, Anti alimshika mabega, akamuuliza, “Umepita?” naye akasema amepita. Nilirukaruka pale ngazini. Mama alimchukua Barasa mikononi mwangu, akaingiza pua yake shingoni mwa mtoto, akabaki hivyo mpaka mwenye bucha akatuomba tusogee wateja wapite.

Tuliacha chumba cha Gatwekera, vitu vyetu vikabebwa kwa mkokoteni hadi kwa Anti Rose. Mama aliondoka mchana mmoja, Barasa akiwa amelala. Ndivyo Anti alivyoshauri. Barasa alipoamka alimtafuta bila kelele, kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta kiatu: chini ya meza, nyuma ya pazia, ndani ya beseni. Kilio kilikuja jioni.

Mama alikuwa akipiga simu siku ambazo mwajiri wake alitoka na familia. Alipanda juu ya paa walipoanika nguo, na akaongea kwa kunong'ona ingawa nyumba ilikuwa tupu. Mimi nilidhani simu za mbali ndivyo zilivyo. Nilimuuliza kama Kiingereza kinamsaidia, akasema sana, akanitajia vitu alivyosema siku hiyo, nikamsikia akitabasamu. Aliniambia nyumba hiyo ina mtoto wa kiume anayelingana na Barasa. Jina lake alilitaja mara moja tu. Halafu alimwomba Anti amwekee Barasa simu sikioni, na Barasa, ambaye kwake simu ilikuwa kitu cha kubonyeza, alibonyeza, ikakatika.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kali. Nyumba ya Anti ilikuwa bondeni, na ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu mpaka kiunoni. Barasa alianza na kikohozi kama watoto wote wa ploti ile ya vyumba vya kupanga. Anti alimpeleka zahanati, akapewa dawa ya maji ya rangi ya waridi, akapata nafuu, akacheza. Kisha homa ikarudi na pumzi yake ikaanza kufanya sauti, mbavu zikionekana kila alipovuta hewa. Anti alimfunga blanketi akamkimbiza hospitali, na hospitali ikambakisha. Jioni hiyo Anti alimpigia mama. Aliniondoa chumbani kwanza. Nilisimama nje chini ya mabati, maji yakinipiga miguuni, nikasikia Anti akirudia jambo moja: “Waambie. Waambie tu ukweli.”

Kilichotokea upande wa pili wa simu hiyo nilikijua baadaye sana, nikiwa msichana mkubwa, kwa kuwa mama alinieleza mwenyewe siku moja tukiwa tunachambua mboga. Alisema alishuka kutoka paani, akamkuta yule mwajiri wake jikoni. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba mtoto wake ni mgonjwa na anataka kurudi nyumbani. Mwanamke yule alimtazama, kisha akasema, bila hasira, “Uliniambia huna mtoto.”

“Nilidhani atanipigia kelele,” mama alisema. “Heri angepiga kelele. Alivuta kiti akakaa. Akaniuliza niko na watoto wangapi.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema, I have two children. Na sikukosea.” Aliendelea kuchambua. “Huyo mama alilia, Nekesa. Naye alikuwa na watoto wake. Akasema atampigia mtu wa ofisi, waanze kushughulikia karatasi zangu, na nitumie simu ya nyumba niongee na nyinyi bila kujificha. Ndiyo nikapiga.”

Ndiyo akapiga, siku iliyofuata. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule. Nilikuta majirani mlangoni, na viatu vyao vimepangwa nje vizuri kuliko siku zote, nikajua. Anti alikuwa ameketi sakafuni na lile blanketi mapajani limekunjwa. Barasa alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Simu ilipolia hakuna mtu aliyetaka kuishika. Aliishika Anti. Alisema tu jina la mama, na mama akaelewa, kwa sababu kutoka pale nilipokuwa nimesimama nilisikia sauti ikitoka kwenye simu ile ndogo, na haikuwa ya kunong'ona.

Sisi tulimzika bila yeye, kwenye makaburi ya umma, kwa kuwa kumfikisha Bungoma hatukuweza. Mchungaji wa Anti aliomba. Mvua ilikuwa imekatika. Nilivaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzito. Mama alimwambia mwajiri wake karatasi zisiharakishwe tena. Akamaliza mkataba wake, akiwaogesha watoto wa nyumba ile kila jioni, na mwanamke yule, mama alisema, alianza kuwaogesha mwenyewe mara nyingine na kumwambia akapumzike, lakini kupumzika ndiko kulikokuwa kubaya.

Watu wananiuliza kama nina kinyongo na ofisi ile ya Kawangware, au na Anti kwa kumshauri. Sina. Wanawake wote wa darasa lile walikuwa na watoto, na wote walifundishwa kusema hawana. Ninachokirudia mimi ni zile jioni za masomo. Kwa miaka mingi niliamini mama alishindwa na sentensi ile kwa sababu ya sarufi. Kwamba “children” ni neno gumu, la wingi usioonyesha wingi, na kwamba mimi, kwa bidii yangu, nilimvusha. Nilikuwa mwanamke mzima, mwanangu mwenyewe amelala mgongoni, nilipoelewa kwamba alilijua neno hilo tangu siku ya kwanza. Kukosea ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kukataa. Na kila alipokataa, mimi nilimsahihisha.

Mama aliporudi alikuwa amenenepa kidogo na alikuwa na sauti ya chini ambayo sikuizoea. Nilikuwa karibu kumfikia kwa urefu. Tulikaa nyumbani siku chache tukitazamana kama wageni wenye adabu, kisha akaniomba nimpeleke. Anti alitaka kuja, mama akasema hapana, tuache twende sisi wawili.

Nyasi zilikuwa zimeota na misalaba mingi ya mbao ilikuwa imeanguka au imeondolewa. Nilitembea mbele nikitafuta mahali, nikihofia kwamba nimesahau. Nilipopata nilikuwa na uhakika, au karibu na uhakika. Nikasema, “Ni hapa.” Mama alivua leso ya mabegani, akaitandika, akaketi. Hakulia mwanzoni. Alilaza kiganja juu ya nyasi.

“Nilimwacha hajui kuongea,” alisema. “Niambie alikuwa anasema nini.”

Basi nikamwambia. Nilimwambia Barasa alimwita Anti “Loz,” na kwamba kila mnyama, hata mende, alikuwa “paka.” Kwamba alipenda kuvaa viatu vyangu vya shule, akazunguka ploti nzima akivikokota, na ukimvua alikaa chini barabarani. Kwamba alikuwa akikataa ugali mpaka uwe na umbo la mpira. Kwamba aliwahi kumwambia mchungaji “kwenda,” yaani atoke hapo, kanisani, mbele ya watu. Mama alicheka hapo, akafunika mdomo, na machozi yakaanza kutoka akiwa bado anacheka. “Na nini tena?” akauliza. Nikampa kingine. “Na nini tena?”

Muda si mrefu nikaishiwa. Alikuwa ameishi kidogo sana, na mimi nilikuwa shuleni sehemu kubwa ya muda huo. Lakini mama alikuwa bado anangoja, uso wake umeinuka, na sikuweza kumwambia basi, ni hayo tu. Nikaanza kutunga. Nikamwambia alikuwa akiimba asubuhi. Nikamwambia alikuwa amejifunza kusema jina lake lote. Nikamwambia alikuwa akimgawia mtoto wa jirani chakula chake, na kwamba kabla ya kulala alikuwa akiuliza mum yuko wapi, nasi tukimwambia yuko kazini, anakuja, naye akisema sawa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuniuliza hata kimoja kilitokea lini. Jua lilikuwa limeanza kutuchoma. Aliinuka, akakung'uta leso, akanifuta vumbi gotini kama nilipokuwa mdogo, na njia nzima ya kurudi Kawangware alinishika mkono. Leo nina hakika alijua mahali hasa ambapo kumbukumbu zangu ziliishia na utunzi ukaanza. Alivipokea vyote, vya kweli na vya kutunga, na tangu siku ile akivitaja alivitaja kwa pamoja, bila kutenganisha, kama mambo ya mwanawe aliyemlea mwenyewe.